Ganda na Mfupa: Dinosaria wa Miamba Myekundu ya Songwe

Katika elimu ya viumbe wa kale, nchi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe iliingia kwa kuchelewa, tena ilianza kujulikana kwa vipande vya ganda la yai kabla ya kujulikana kwa jina la dinosaria yeyote. Mwaka 2004 Michael Gottfried, Patrick O'Connor na wenzao walichapisha taarifa fupi kuhusu maganda ya mayai ya dinosaria yaliyopatikana katika miamba myekundu ya mchanga ya bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Ilipita miaka kumi kabla dinosaria wa kwanza wa miamba hiyo hajapewa jina rasmi, na wawili wengine wakafuata mwaka 2017 na 2019. Ganda na mfupa vimetoka katika bonde moja, lakini walioandika taarifa hizo hawakudai kwamba yai lile lilitagwa na mnyama huyu au yule. Kujizuia huko kunaweza kumkatisha tamaa msomaji anayetaka kumwona mama pamoja na yai lake, lakini kulitokana na sababu nzito, na sababu hizo haziwezi kueleweka bila kufuata namna miamba hiyo ilivyosomwa, kusomwa vibaya na kusomwa upya kwa zaidi ya nusu karne.

Songwe ulitangazwa kuwa mkoa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya, kwa hiyo taarifa za mwanzo za uchimbaji unaozungumziwa hapa huutaja Mkoa wa Mbeya ingawa zinahusu ardhi ile ile. Mji wa Tunduma, ambako barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA huvuka kuingia Nakonde nchini Zambia, umekaa juu ya uwanda wa juu wenye miamba mikongwe mno, iliyokwishakuwepo kabla ya mnyama yeyote mwenye mifupa kutokea duniani. Mtafutaji wa dinosaria hana kazi hapo mjini, wala katika mashamba ya kahawa ya Mbozi. Kazi yake huanza pale ardhi inaposhuka mamia ya mita kuelekea Ziwa Rukwa, katika mabonde ya joto ya Galula na vijiji vya jirani, ambako mito ya msimu imekata kuta za mwamba wenye rangi ya matofali yaliyochomwa. Inafaa kukumbuka pia kwamba kuna mito miwili iitwayo Songwe, mmoja ukimwaga maji yake Rukwa na mwingine ukielekea Ziwa Nyasa na kuwa mpaka kati ya Tanzania na Malawi, na mkanganyiko huo unaweza kumpotosha msomaji wa ramani za kijiolojia. Miamba inayohusika na historia hii iko upande wa Rukwa.

Bonde la Rukwa ni sehemu ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, yaani mahali ambapo gamba la dunia limevutwa pande mbili hadi vipande vyake vikazama. Kuzama huko hakukutokea mara moja. Kulianza zamani sana, kukatulia na kuanza tena, na kila mara mito ilileta mchanga, changarawe na matope kuujaza mshuko uliobaki. Chini kabisa kuna matabaka ya Karoo yenye makaa ya mawe. Juu yake kuna mchanga mwekundu uliogeuka jiwe. Juu zaidi yapo matope ya maziwa ya nyakati za karibu. Kila tabaka linapofunikwa na jingine huhifadhi kilichozikwa ndani yake, na kila ufa unapoinua upande mmoja na kuushusha mwingine, mito hupata nafasi ya kukifukua tena. Bila misukosuko hiyo ya ardhi mifupa ya Songwe ingekuwa kilomita kadhaa chini ya ardhi, au isingekuwepo kabisa.

Waliosoma miamba hiyo mwanzoni hawakuwa wakitafuta mifupa. Katika miaka ya 1920 na 1930 nchi ya Lupa, upande wa Chunya na Saza, ilivuta wachimbaji wa dhahabu kutoka pande nyingi, na hadi leo wachimbaji wadogo wa Mkwajuni na Saza wanaishi kwa sururu na karai. Serikali ya kikoloni nayo ilivutiwa na makaa ya mawe, na mwaka 1954 Idara ya Jiolojia ya Tanganyika ilichapisha utafiti wa J. Spence kuhusu eneo la makaa la Galula. Kwa mtafuta makaa, mchanga mwekundu ulikuwa kifuniko tu cha kitu chenye thamani kilicho chini yake. Alihitaji kujua unene wake ili apige hesabu ya gharama ya kuchimba, na umri wake haukumnyima usingizi. Mwaka 1987 kampuni ya mafuta ya Amoco ilichimba visima viwili virefu vya utafiti, Ivuna-1 na Galula-1, na hapo ndipo swali la umri lilipopata uzito wa fedha, kwa sababu anayetafuta mafuta lazima ajue ni lini mwamba wa kuyahifadhi uliwekwa na ni lini ulifunikwa.

Majibu yaliyotolewa yalipishana kwa kiasi cha kushangaza. Baadhi ya wanajiolojia waliufananisha mchanga mwekundu wa Rukwa na miamba yenye dinosaria ya Malawi na kuuweka katika zama za dinosaria. Wengine, wakitegemea chavua iliyonaswa ndani ya miamba na vipande vya miti iliyogeuka mawe, waliuona kuwa wa miaka milioni chache tu iliyopita, muda mrefu baada ya dinosaria wakubwa kutoweka. Tofauti hiyo ya makumi ya mamilioni ya miaka ilihusu mwamba mmoja, unaoguswa kwa mkono mmoja, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Baadaye ilibainika kwamba kilichoitwa kwa jina moja kilikuwa vitu viwili. Mwanajiolojia Eric Roberts na wenzake, waliopima matabaka hatua kwa hatua kwa miaka mingi, walionyesha kwamba kundi hilo la miamba lina tabaka la Galula, la kipindi cha Kretasia, yaani kipindi cha mwisho cha dinosaria wakubwa, kilichoanza takriban miaka milioni 145 iliyopita na kwisha miaka milioni 66 iliyopita. Na lina tabaka la Nsungwe, lenye majivu ya volkano yanayopimika umri, la takriban miaka milioni 25 iliyopita. Yote mawili ni mekundu kwa mbali, na yote mawili ni mchanga wa mito. Nsungwe lenyewe limetoa hazina ya aina nyingine, wakiwemo nyani wa kale Rukwapithecus na Nsungwepithecus waliotangazwa mwaka 2013, lakini hiyo ni historia inayostahili kitabu chake.

Kilichosaidia sana kulipa tabaka la Galula umri wake ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na hapa ndipo mfupa na ganda vilipopata kazi ambayo makaa na mafuta yalishindwa kuifanya. Pingili ya uti wa mgongo ya dinosaria mkubwa haiwezi kuwa ya miaka milioni tano iliyopita. Ganda la yai la dinosaria nalo ni hivyo hivyo, ilimradi mtaalamu awe na hakika kwamba si ganda la mbuni wala la mamba.

Inashangaza kwamba jambo hilo lilisubiri hadi karne ya ishirini na moja, hasa kwa nchi iliyokwishatoa dinosaria maarufu kuliko karibu nchi nyingine yoyote ya Afrika. Tendaguru, katika Mkoa wa Lindi, ilijulikana kwa Wajerumani mwaka 1906 baada ya mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler kuona mifupa mikubwa juu ya ardhi, na kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, uliajiri mamia ya wachimbaji na wapagazi waliobeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilisafirishwa, na mifupa ya Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, imesimama Berlin tangu mwaka 1937. Waingereza walifuata Tendaguru kuanzia mwaka 1924 hadi 1931. Katika miaka hiyo hiyo mifupa ilipatikana upande wa kaskazini wa Malawi, wilayani Karonga, ng'ambo tu ya mpaka wa Songwe, na mwaka 1928 Sidney Haughton akaieleza kitaalamu. Mnyama huyo baadaye, mwaka 1993, alipewa jina la Malawisaurus. Kwa maneno mengine, tangu miaka ya 1920 wataalamu walijua kwamba dinosaria walikuwapo mashariki ya mbali na walikuwapo kusini kwa jirani. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na Rukwa, penye barabara mbovu, joto, mbung'o na mwamba ambao kila mtu aliutazama kwa jicho la makaa. Haikuwa bahati mbaya tu kwamba hakuna aliyetafuta. Uchunguzi wa ardhi hufuata fedha, na fedha haikuwa ikiulizia mifupa.

Mabadiliko yalikuja na mradi wa utafiti wa Bonde la Rukwa, uliowakutanisha Patrick O'Connor na Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio, Michael Gottfried wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, mwanajiolojia Eric Roberts, na wenzao wa Tanzania wakiwemo maofisa wa Mambo ya Kale na wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miongoni mwa hao wa mwisho alikuwa Profesa Saidi Kapilima, aliyefariki kabla kazi haijatoa matunda yake makubwa, na jina lake limebaki katika Pakasuchus kapilimai, mnyama mdogo wa jamii ya mamba aliyetangazwa mwaka 2010, mwenye ukubwa wa paka na meno ya kutafunia yanayofanana kwa namna ya ajabu na ya mamalia. Msimu wa mwaka 2002 ulileta dalili zilizotosha kuthibitisha kwamba mwamba wa Galula ulikuwa na viumbe wa kutosha kurudiwa mwaka hadi mwaka. Taarifa za kwanza zilihusu vitu vidogo: taya la mamalia lililotangazwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata maganda ya mayai.

Maganda hayo yanahitaji kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa msomaji anayesikia habari za mayai ya dinosaria huenda akafikiria kiota chenye mayai mazima yaliyopangwa, ilhali kilichopatikana Rukwa ni vipande vilivyovunjika. Ganda la yai gumu, liwe la kuku, la mamba au la dinosaria, hujengwa kwa fuwele za kalsiamu kaboneti, madini yale yale yanayofanya chokaa. Fuwele hizo huanza kukua juu ya utando laini unaozunguka ute, kila moja ikianzia katika kitovu chake kidogo, halafu husukumana kuelekea nje hadi zinabanana na kuwa ukuta. Kati yake hubaki matundu membamba yanayopitisha hewa na mvuke ili kiinitete, yaani mtoto anayeumbika ndani, kisikose pumzi wala kisikauke. Namna fuwele zinavyopangwa hutofautiana kati ya jamii na jamii: katika mayai ya dinosaria wala nyama wa miguu miwili, na katika ndege waliotokana nao, ukuta huonyesha tabaka mbili au zaidi zenye mpangilio tofauti, ilhali katika mayai yanayohusishwa na dinosaria wakubwa wa shingo ndefu, fuwele hutawanyika kama upepeo kutoka chini hadi juu pasipo tabaka la pili.

Hayo yote hayaonekani kwa macho. Kipande cha ganda, ambacho mara nyingi unene wake ni milimita moja au mbili, hugandishwa ndani ya utomvu mgumu, hukatwa kwa msumeno wa almasi, hubandikwa juu ya kioo na kusagwa taratibu hadi kinabaki na unene wa takriban sehemu tatu za mia za milimita, kiasi cha kupitisha mwanga. Ndipo huwekwa chini ya hadubini yenye mwanga uliochujwa, na fuwele zilizokaa kimya ndani ya jiwe kwa makumi ya mamilioni ya miaka huwaka kwa rangi na kuonyesha zilivyokua. Mtaalamu huhesabu matundu, hupima vitovu, hutazama uso wa nje kama una chunjua au ni laini, na kwa njia hiyo huweza kusema kwamba ganda ni la dinosaria, pengine hata la kundi fulani la dinosaria. Kwa kawaida hawezi kusema zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mayai wamejiwekea mfumo wa majina ulio peke yake: aina ya ganda hupewa jina lake, kama Megaloolithus, linalohusu ganda tu na halidai kumtaja aliyelitaga.

Busara ya mfumo huo ilinunuliwa kwa gharama, na aliyelipa gharama hiyo ni mnyama asiye na hatia. Mwaka 1923 msafara wa Roy Chapman Andrews ulipata mayai marefu katika jangwa la Gobi, Mongolia, mahali palipojaa mifupa ya Protoceratops, dinosaria mla majani, na kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa wengi hapo, mayai yakahesabiwa kuwa yake. Juu ya mayai hayo ilipatikana mifupa ya dinosaria mwingine, mwembamba na mwenye mdomo usio na meno, na mwaka 1924 Henry Fairfield Osborn akamwita Oviraptor, kwa maana ya mwizi wa mayai. Sifa hiyo ilimkaa kwa miaka 70. Kiinitete kilichopatikana mwaka 1993 ndani ya yai la aina ile ile, na kuelezwa na Mark Norell na wenzake mwaka uliofuata, kilionyesha kwamba aliyekuwa akiumbika humo ni wa ukoo wa Oviraptor mwenyewe. Aliyeitwa mwizi alikuwa amefia juu ya kiota cha ukoo wake. Tangu hapo kukutwa mahali pamoja hakuhesabiwi kuwa ushahidi wa uzazi, na mtaalamu anayesema yai fulani ni la mnyama fulani hudaiwa mifupa ya kiinitete iliyo ndani ya ganda, au mama aliyekufa na yai tumboni.

Ushahidi wa aina hiyo upo duniani, lakini ni wa nadra. Afrika Kusini inao wa Massospondylus: mayai yaliyopatikana na James Kitching katika miaka ya 1970 yalikutwa na viinitete vilivyoelezwa mwaka 2005, vyenye umri wa takriban miaka milioni 190. Argentina inao ulio karibu zaidi na swali la Songwe. Mwaka 1997 Luis Chiappe, Rodolfo Coria na Lowell Dingus walifika mahali palipokuja kuitwa Auca Mahuevo, jimboni Neuquén, wakakuta maelfu ya mayai ya mviringo yenye upana wa sentimita 13 hadi 15, na ndani ya baadhi yake mifupa, meno madogo na hata alama za ngozi za watoto wa titanosaria. Titanosaria ni tawi la dinosaria wa shingo ndefu waliotembea kwa miguu minne na kula majani, ambao katika kipindi cha Kretasia walienea karibu mabara yote na kuzaa baadhi ya wanyama wakubwa kuliko wote waliowahi kukanyaga nchi kavu. Titanosaria ndio waliotawala pia mwamba wa Galula, na Amerika ya Kusini ilikuwa bado inaachana na Afrika katika sehemu ya kipindi hicho, kwa hiyo mtu anaweza kushawishika kulichukua yai la Patagonia na kumkabidhi titanosaria wa Rukwa. Kishawishi hicho ni kile kile cha Gobi.

Titanosaria wa Songwe wenyewe walijitokeza kwa jasho, na sehemu hii ya historia haijasimuliwa vya kutosha kwa Kiswahili. Wa kwanza kupewa jina, mwaka 2014, ni Rukwatitan bisepultus, aliyeelezwa na Eric Gorscak na wenzake. Mifupa yake ilianza kuonekana katika ukuta wa genge, na katika misimu miwili wachimbaji, wakiwemo wachimbaji wa makaa ya mawe waliozoea kukata mwamba bila kuuangusha, walitoa pingili, mbavu, mifupa ya miguu na ya nyonga. Jina lake la pili lina maana ya aliyezikwa mara mbili, kwa kuwa mzoga ulifukiwa, ukafukuliwa kiasi na maji ya mto wa kale, halafu ukafukiwa tena. Wa pili, Shingopana songwensis wa mwaka 2017, alianza kuchimbuliwa mwaka 2002 na amehifadhi pingili za shingo zenye miiba iliyotanuka pamoja na sehemu ya taya. Juu ya mifupa yake kuna vishimo vilivyotobolewa na wadudu muda mfupi baada ya mnyama kufa, na vishimo hivyo vinaonyesha kwamba mzoga ulikaa wazi kwa muda kabla ya kufunikwa. Wasomi waliompima waliona kwamba ukoo wake ulikaribiana na titanosaria wa Amerika ya Kusini.

Wa tatu ndiye aliyedai kazi kubwa zaidi. Mwaka 2004 mifupa ilionekana juu katika ukuta wa mwamba unaotazama mto Mtuka, ambao wakati wa kiangazi huwa ni mchanga mtupu, na uchimbaji ukaendelea kila mwaka hadi 2008. Palihitajika watu waliofungwa kamba wakining'inia mbele ya ukuta, na palihitajika mitambo mikubwa ya kuondoa mwamba uliolalia mifupa. Mfupa unapokaribia kutoka hauguswi kwa sururu. Hufuatwa kwa patasi ndogo, brashi na gundi inayonyonywa na nyufa. Ukishajitenga pande zote hufunikwa kwa karatasi laini iliyoloweshwa, halafu vipande vya gunia vilivyochovywa katika plasta huzungushwa tabaka juu ya tabaka mpaka vikauke na kuwa ganda gumu, ndipo kipande chote hukatwa chini, hugeuzwa kwa pamoja na kufungwa upande wa pili. Mzigo wa namna hiyo unaweza kuwashinda watu wengi. Mnyama aliyetoka humo, ambaye hakuwa amemaliza kukua, alitangazwa Februari 2019 kwa jina la Mnyamawamtuka moyowamkia, kutokana na mto wake na kutokana na pingili za mkia ambazo upande wake wa nyuma una umbo la moyo. Ni mmoja wa titanosaria waliohifadhika vizuri zaidi barani Afrika, tena anatoka katika sehemu ya kipindi cha Kretasia ambayo mwanzo wa ukoo huo ulikuwa haujulikani vizuri.

Hapa kuna jambo jingine linalozuia ganda kukabidhiwa mzazi. Tabaka la Galula limegawanywa sehemu mbili: ya chini imepewa jina la Mtuka na ya juu jina la Namba, na utafiti wa alama za sumaku ya kale zilizobaki katika mwamba, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba sehemu hizo zimetenganishwa na mamilioni mengi ya miaka. Mnyamawamtuka ni wa sehemu ya chini, Rukwatitan na Shingopana ni wa sehemu ya juu. Wanyama hao hawakuwa majirani, na yeyote atakayetaka kulihusisha ganda na mmoja wao atalazimika kwanza kulipatia tabaka lake barabara. Zaidi ya hayo, si kila dinosaria alitaga yai gumu: mwaka 2020 Norell na wenzake walionyesha kwamba Protoceratops, yule yule aliyepewa mayai yasiyo yake, alitaga mayai yenye ganda laini, ambalo karibu halihifadhiki. Miamba ya Galula ina meno na mifupa ya dinosaria wala nyama pia, wasiojulikana vizuri kwa sababu mabaki yao ni machache, na hao nao walitaga. Orodha ya wazazi wanaowezekana ni ndefu kuliko orodha ya wazazi waliokwishapewa majina.

Hata hivyo ganda lina thamani ambayo mfupa hauna. Mfupa wa titanosaria unaweza kubebwa na mafuriko mbali na mahali alipoishi, na mnyama mwenyewe aliweza kutembea umbali mrefu kabla ya kufa. Yai halitembei, na ingawa vipande vyake huweza kusombwa na maji, idadi yake inapoongezeka mahali pamoja huonyesha kwamba dinosaria walizaliana katika nchi hiyo. Mito iliyomwaga mchanga wa Galula, pamoja na tambarare zake zilizofurika na kukauka, ilikuwa basi mahali pa kuzalia. Kiinitete, kama kitapatikana, kitatafutwa katika udongo wa kale wenye chokaa nyingi, kwa kuwa udongo wenye asidi huyeyusha ganda kabla halijageuka kisukuku.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wageni wa msimu peke yao. Kila masika mito ya Songwe hukata ukuta mpya, na ganda la milimita moja likishatoka katika mwamba halivumilii mvua nyingi wala kwato za ng'ombe. Anayepita hapo mwaka mzima ni mchungaji, mkulima wa mpunga na mchimbaji mdogo wa dhahabu, siyo profesa. Visukuku vya Tanzania vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, na wanyama wa Songwe wametunzwa kama mali ya taifa, tofauti na mzigo wa Tendaguru. Lakini sheria hulinda kitu ambacho mwenye kukiona anakitambua. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji wa Tendaguru na jicho kali kuliko wengi waliomwajiri, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo jina lake likawekwa katika Australodocus bohetii, karibu miaka 100 baada ya kazi yake. Wachimbaji wa makaa walioshika tindo kwenye genge la Rukwatitan na watu walioning'inia kwa kamba juu ya Mtuka mara nyingi hutajwa kwa shughuli zao bila majina, na huenda wengi wao bado ni watu wanaoweza kuulizwa. Majina yao yanapaswa kukusanywa sasa.

Karonga, ng'ambo ya mto Songwe wa kusini, ina kituo cha makumbusho kinachoonyesha nakala ya mifupa ya Malawisaurus kwa watoto wa shule wa wilaya hiyo. Upande wa Tanzania, wageni na wanafunzi wanaokwenda Ndolezi wilayani Mbozi kutazama Kimondo, jiwe la chuma lililotoka angani, wako tayari mahali ambapo nakala ya pingili ya mkia wa Mnyamawamtuka na picha ya ganda la yai chini ya hadubini zingeweza kuwekwa bila kujenga jengo jipya. Mtoto wa Galula aliyewahi kuona ganda hilo likiwa limekuzwa ataweza kulitambua siku atakapoliokota mtoni.